Mtoto Aliyeukalia Mstari

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimefumuka, rangi imepauka, na katikati una bonde la mtu aliyeulalia miaka mingi. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mwenyewe akimaliza huukunja, akaenda zake nao. Waliotunga methali ya mikeka hii miwili hawakudai kwamba mbacha ni mzuri kuliko msala. Walikuwa na macho. Walichokionya ni kitendo kimoja tu: kuutupa ule ulio wako kwa sababu umeuona mwingine ukipita. Valerian Komba aliisoma methali hiyo shuleni, akaiandikia insha, akapata alama za juu. Lakini kuijua methali si chanjo.

Valerian alikuwa na studio Tandika, katika safu ya maduka yaliyo nyuma ya soko. Alianza kwa kurekodi video za harusi na vipaimara. Baadaye, deki zilipoanza kufa majumbani na TV za flati kuenea hadi vyumba vya kupanga, watu wakaanza kumletea diski zao za zamani awahamishie kwenye flashi. Alikuwa mtu wa vipimo. Alisomea elektroniki chuoni, na hakupenda kusikia neno "nahisi" pale ambapo rula ingetosha. Mteja akilalamika, "Braza, mbona watu wamenenepa?" au, "Mbona picha haijai?" alimketisha, akamweleza kwamba picha ina umbo lake kama mtu alivyo na kimo chake, na kwamba kazi ya fundi ni kulihamisha umbo hilo lilivyo, si kulipendezesha. Ili kuhakikisha, alikuwa na desturi ya kutafuta kitu cha mviringo ndani ya picha: sahani, saa ya ukutani, gurudumu la gari la maharusi. Duara likibaki duara, kazi ni njema. Likigeuka yai, kazi irudiwe.

Mama yake, Anjelina, aliishi Mbagala katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, mzee Stephano, mchongaji wa vinyago. Sebuleni kwake palikuwa na TV ya chogo, nene kama kreti la soda, na deki iliyogoma kufungua mdomo mpaka igongwe ubavuni. Vitu hivyo viwili vilikuwa na kazi moja kubwa kwa mwaka. Kila ilipofika kumbukumbu ya kifo cha Petro, kitindamimba wake, familia ilisali misa, ikarudi nyumbani kunywa chai kwa mihogo, kisha ikakaa kuangalia diski ya pili ya harusi ya Noela, binti mkubwa.

Petro alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Alifariki akiwa darasa la tano. Picha zake zote zilikuwa katika albamu moja, na albamu hiyo ilikutwa chini ya kabati na mafuriko yaliyoingia ndani mwaka uliofuata. Picha ziligandamana, na walipojaribu kuzibandua, nyuso zilibaki upande wa pili kama ngozi ya kidonda inavyobaki kwenye bandeji. Diski za harusi zililowa vilevile, lakini diski haijali maji ya siku moja. Anjelina aliziosha kwa sabuni, akazianika juu ya kanga kivulini, zikacheza. Tangu siku hiyo Petro hakuwa mahali pengine popote duniani ila mle.

Hata mle alikuwamo kwa kuibia. Kamera ilikuwa inawalenga maharusi kwenye meza kuu. Mshereheshaji akawarushia pipi watoto waliokaa mkekani mbele ya meza, na vichwa vya watoto hao vikaingia chini kabisa ya picha. Mmoja wao, aliyevaa koti la kuazima lililomfunika mikono, aligeuka akaitazama kamera. Akacheka na pengo lake. Akanyoosha mkono juu, akadaka pipi. Basi, kisha kamera ikahama. Ulikuwa muda wa mtu kumeza funda la maji.

Picha ile ilikuwa pana, na TV ya chogo ina umbo la kukaribia mraba. Ili picha yote ienee bila kukatwa pembeni, deki iliipunguza, ikachora mstari mnene mweusi juu yake na mwingine chini yake, kujaza nafasi iliyobaki. Kidevu cha Petro kiligusa mstari wa chini. Anjelina, aliyekaa karibu na kioo juu ya kigoda alichochongewa na mumewe, alizoea kusema kwamba mwanawe ameukalia mstari kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Mwaka mmoja Valerian aliamua kwamba mambo hayo yaishe. Hoja yake ilikuwa nzuri. Deki ilikuwa imeanza kukwama, na siku ingefika ikwame moja kwa moja. Alinunua TV ya flati, pana kama mlango uliolazwa, akaenda Mbagala kuchukua diski.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Nimekuja kuchukua diski za harusi ya da' Noela. Nazihamishia kwenye flashi. Jumapili ya kumbukumbu unamwangalia Petro ukuta mzima."

Anjelina alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Aliitupia jicho TV yake. "Na huyu mzee?"

"Huyo anaondoka. Hata wa chuma chakavu atataka alipwe nauli kumbeba."

"Usimcheke. Amenitunzia."

"Simcheki, mama. Na ile mistari myeusi nayo inaondoka."

Mkono wa mama ukasimama katikati ya mchele. "Mistari usiikate, Vale."

"Kwa nini?"

"Ukikata mstari, Petro atakaa wapi?"

Valerian alicheka kwa upole, akavuta kiti karibu. "Mama, mistari si picha. Haimo kwenye diski hata kidogo. Deki ndiyo inayoichora, kwa sababu TV yako ni fupi kwa upana. Kwenye flati haina haja ya kuichora, picha inajaa yenyewe. Petro hajakalia mstari. Amekalia mkeka."

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema mama, akarudia mchele wake. "Mie namjua mwanangu anapokaa." Kisha, bila kuinua macho: "Diski zangu utanirudishia."

"Za nini tena? Deki yenyewe hutakuwa nayo."

"Patasi za babako ninazo, na hakuna wa kuchonga. Unirudishie."

"Haya, nitarudisha," Valerian alijibu, kwa sauti ya mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Yapasa kusemwa kwamba kila alichomweleza mama yake siku ile kilikuwa kweli. Mistari haikuwamo kwenye diski. Deki ndiyo iliyoichora. Kwa hiyo, kwenye diski ile hapakuwa na weusi wowote wa kukatwa. Palikuwa na picha tu, kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini. Fundi aliyelitamka neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe hakulisahau. Alikosa tu kulipeleka pale lilipohitajika.

Wiki hiyo studio ilifurika kazi. Kabla ya diski za mama yake, alikuwa amemaliza kazi ya Vaileth, mteja wa Kawe, aliyekuja na diski ya aina nyingine kabisa. Aliyeirekodi sherehe ya Vaileth alikuwa ameichanganya mistari myeusi na picha yenyewe, ikawa kitu kimoja. Kwenye flati picha ilionekana ndogo katikati, weusi pande zote nne, kama uso wa mtu kwenye dirisha la mahabusu. Valerian aliiamuru programu ya kompyuta ikate sehemu ya nane juu na sehemu ya nane chini, na iliyobaki iijaze TV bila kutanuliwa kwa upana peke yake. Kwa diski ya Vaileth amri hiyo ilikuwa dawa. Kilichokatwa ni weusi mtupu, na Vaileth aliondoka akishukuru.

Programu ile ilikuwa na tabia ya mtumishi mtiifu kupita kiasi: ilichoambiwa jana ilikifanya na leo, mpaka iambiwe vingine. Valerian aliijua tabia hiyo. Siku zote, kabla ya kazi mpya, alifuta amri za zamani. Siku ile aliziingiza diski za mama yake huku anazungumza na wateja wawili mlangoni, na hakufuta. Picha ilipoanza kupita kwenye kidirisha kidogo cha programu, kisichozidi kiberiti, aliangalia mwanzo wake: maharusi wanaingia kanisani, picha inajaa, rangi safi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa wala sahani hakuitafuta.

Ilibaki desturi nyingine ya studio, iliyojulikana Tandika nzima. Zamani mteja mmoja wa Yombo aliiona diski ya harusi yake imening'inizwa nyuma ya bajaji, ikimulika barabarani, na sura yake akiwa bibi harusi bado imechapwa juu yake. Tangu aibu ile, Valerian hakutupa diski nzima. Mteja alipewa flashi, akaenda kwake kuangalia kazi yote, akarudi kusema ameridhika, ndipo diski zake zilipokatwa kwa mkasi mbele ya macho yake. Mwenye mali aone kwanza, mkasi baadaye. Hakuwahi kuuruka utaratibu huo kwa mteja yeyote.

Lakini huyu hakuwa mteja. Huyu alikuwa mama yake, na katika jambo la mama yake Valerian alijiona kuwa ndiye fundi na ndiye mwenye mali. Ahadi ya kurudisha aliikumbuka. Aliipima, kama ilivyokuwa kawaida yake kupima. Diski zingekaa kabatini bila deki, watoto wa jirani wangezichukua kuchezea, na siku moja Petro angeishia nyuma ya bajaji. Hakuweza kuvumilia wazo hilo. Alishika mkasi kwa mapenzi, akakata.

Jumamosi alitundika flati ukutani Mbagala. Mnunuzi wa chuma chakavu akapita na mkokoteni wake, akaichukua TV ya chogo na deki pamoja. Anjelina alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Pale ilipokuwa TV palibaki mraba wa sakafu nyekundu ambayo jua halikuwahi kuipausha.

Jumapili, baada ya misa, sebule ilijaa. Noela alikuja na mumewe Jonas. Mama mdogo Tekla, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alijitengea kochi la mbele. Chai ikamiminwa, mihogo ikapita, Valerian akachomeka flashi. Picha ilifunguka ukutani, angavu, bila mstari juu wala chini. Watu wakaguna kwa kupendezwa.

"Jamani, yule ni mie?" Tekla aliuliza, akijinyooshea kidole. "Nilikuwaga mwembamba hivi, na mnakaa kimya?"

"Mama mdogo, enzi hizo sote tulikuwa wembamba," Jonas alimjibu. "Chipsi za jioni zilikuwa bado hazijatufikia."

"Wewe nyamaza. Shingo yako kama twiga anayechungulia kwa jirani."

"Na bado binti yenu akanipenda."

"Alikupendea urefu," alisema Noela. "Sasa urefu umeenda wapi, sie hatujui."

Watu walicheka, na Anjelina alitabasamu nao, kigoda chake kikiwa karibu na ukuta kuliko viti vyote. Valerian peke yake hakucheka. Maneno ya utani yalikuwa yamemchoma mahali fulani. Aliacha kuwatazama watu kwenye picha, akatazama nyuma yao, kwenye ukuta wa ukumbi, palipotundikwa saa. Saa ile ilikuwa na umbo la yai.

Fahamu zake zilifanya hesabu kabla moyo haujaruhusu. Picha pana huhifadhiwa kwenye diski ikiwa imebanwa kwa upana, na kifaa cha kuonyeshea huitanua. Hii haikutanuliwa, ndiyo maana watu wamekuwa wembamba. Picha iliyobanwa hivyo haiwezi kuijaza flati juu hadi chini na kulia hadi kushoto. Ili ijae, lazima kuna kitu kimekatwa juu na chini. Amri ya Vaileth. Sehemu ya nane juu. Sehemu ya nane chini.

Alitaka kuinuka azime, lakini mama yake alikuwa ameinua kiganja, kama alivyofanya kila mwaka, kuwanyamazisha watu. "Mshereheshaji huyo anakuja," alisema. "Tulieni."

Mshereheshaji akaingia na kikapu cha pipi. Maharusi walikuwa katikati, wazuri, warefu. Pipi zikarushwa. Chini ya picha, mahali pa watoto, vilionekana vitu vyeusi vikitikisika, ambavyo mtu asiyejua angedhani ni nywele tu. Kisha kutoka ukingo wa chini ukapanda mkono mmoja mwembamba, mkono wa koti umeteleza hadi kwenye kiwiko. Ukadaka pipi, ukashuka. Kamera ikahama.



"Rudisha nyuma," alisema Anjelina.

Valerian alirudisha. Mkono ukapanda, ukadaka, ukashuka.

"Mbona mtoto amezama?"

Noela aliweka kikombe sakafuni. "Vale, umekata nini?"

"Ni amri ilibaki kwenye programu," Valerian alijibu upesi. "Kosa dogo. Kesho nazitia diski upya, naitoa kama ilivyo, natanua..." Akafika hapo, akaacha. Aliukumbuka mkasi.

Mama yake aligeuka juu ya kigoda, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu picha ianze. "Diski ziko wapi, baba?"

"Nimezikata."

"Zote?"

"Zote, mama. Zimeshazolewa na gari la taka."

Anjelina alisimama, akaanza kukusanya vikombe, vingine vikiwa bado na chai. "Sawa," alisema, akaelekea jikoni. Tekla aliyekuwa na neno kwa kila jambo alimfuata; yalisikika maji tu, na vikombe vikioshwa kwa muda mrefu kuliko vikombe vinavyohitaji.

Siku iliyofuata Valerian alifunga studio. Alikwenda Kawe, kwa mzee Adelard, mpiga video wa harusi ile, ambaye alikuwa amestaafu na kufuga kuku wa mayai. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ndani ya debe la pumba.

"Kanda za mwanzo sina, mwanangu," alisema. "Siku zile kanda ilikuwa mali. Nikishawapa watu diski zao, narekodi juu yake. Juu ya harusi ya dadako kuna mahafali, juu ya mahafali kuna harusi nyingine, na mwisho kanda ikakatika." Akafikiri. "Ila niliwatengenezea seti mbili. Moja upande wa bibi, moja upande wa bwana."

Upande wa bwana ulikuwa Pugu, kwa mama yake Jonas, Bi Kokuberwa, aliyehamia huko alipochoshwa na kelele za mjini. Jonas alimsindikiza shemeji yake. Njiani Jonas alisema, "Mama hatupagi kitu. Hilo nakuhakikishia." Valerian aliyashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Na kweli, Bi Kokuberwa hakuwa ametupa. Baada ya salamu na kuulizana afya, alipoelezwa shida, uso wake ulichangamka. "Diski za harusi? Zipo. Njooni."

Aliwapeleka nyuma ya nyumba, kwenye bustani. Juu ya matuta ya mtama zilipita kamba kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba zilining'inia diski, zikizunguka na kumetameta. "Ndege wamekoma kabisa," alisema kwa fahari. "Msimu wa kwanza walinila hadi kikonyo. Sasa hata shomoro hatui."

Valerian alipita kamba kwa kamba, akisoma. Nyingi zilikuwa za nyimbo na mahubiri. Karibu na ua wa makuti aliikuta. Jina la Noela lilikuwa limefifia, lakini namba ya pili ilisomeka bado. Aliukata uzi wake kwa meno, akaishika kwa ukingo kama inavyotakiwa kushikwa, akaigeuza. Ngozi yake ya kung'aa ilikuwa imebanduka vipande vipande. Aliinua juu kuelekea jua, na kupitia kwayo akaliona wazi bati la nyumba ya jirani. Picha hukaa kwenye ile ngozi. Plastiki iliyobaki ilikuwa kioo tu. Maji ya siku moja diski haiyajali. Jua na mvua za miaka ni habari nyingine.

"Imefaa?" aliuliza Bi Kokuberwa.

Jonas alimtazama shemeji yake, kisha akamshika mama yake bega. "Imefaa, mama. Ahsante."

Valerian aliirudisha kwenye uzi, akaifunga vizuri. Ilikuwa bado na kazi pale.

Ilibaki flashi. Alirudi Tandika, akaifungua picha kwenye kompyuta, safari hii akiwa peke yake na mlango umefungwa. Alijua kanuni ya kazi yake, na kanuni ile haikuwa na huruma wala chuki: kilichobanwa hutanuliwa, kilichokatwa hakirudi. Basi akatanua. Alivuta upana taratibu mpaka saa ya ukumbini ikawa duara kamili. Alipima duara lile kwa rula juu ya kioo, juu hadi chini, kulia hadi kushoto. Lilikuwa sawa. Tekla akarudi kuwa mnene, Jonas akapata shingo ya binadamu. Na kwa kuwa picha sasa ilikuwa na upana wake wote lakini haina kimo chake chote, ilipokaa kwenye umbo la flati iliacha nafasi tupu juu na chini. Kompyuta ikaijaza nafasi hiyo kwa weusi. Valerian alikaa akiutazama mstari wa chini mpaka alipokumbuka kwamba hajala tangu asubuhi.

Alifika Mbagala jioni, jua likiwa bado kwenye mapaa. Alimwamkia mama yake, akachomeka flashi, akapeleka picha moja kwa moja hadi kwenye pipi. Anjelina alivuta kigoda.

Mkono ukapanda.

"Simamisha hapo."

Valerian alisimamisha. Mkono haukuwa mwembamba tena. Ulikuwa mnene kidogo kwenye kifundo, vidole vifupi, mkono wa mtoto aliyekuwa anakula vizuri mwezi ule. Anjelina alinyoosha wake, akaugusa ukuta karibu na kioo, bila kukigusa kioo.

"Huu ndio wake," alisema. "Ule wa Jumapili ulikuwa wa hospitali."

"Niliubana, mama. Hiki ndicho kipimo chake. Hicho tu ndicho nilichoweza kurudisha."

Mama aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalishuka kutoka kwenye mkono hadi chini yake, kwenye weusi.

"Mstari umerudi."

"Umerudi."

"Ila sasa hauna mtu."

Valerian alizijua sababu zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na angeweza kuzipanga kwa utaratibu bila kukosea hata moja. Hakuna iliyomfaa. Aliketi sakafuni, pale kwenye ule mraba mwekundu ilipokuwa TV ya chogo, akaegemea goti la mama yake kama alivyokuwa akifanya kabla hajaanza shule. Anjelina alimwekea mkono kichwani. Hakumlaumu siku ile, na hakumlaumu hata baadaye. Kila mwaka watu wanapomaliza chai na mihogo yeye huvuta kigoda, husimamisha picha kwenye mkono unaodaka pipi, huutazama, kisha humwambia Valerian azime.

Flati bado ipo ukutani, pana na angavu, na hakuna anayesema kwamba ni mbaya. Wala TV ya chogo haikuwa nzuri kuliko flati. Uzuri haukuwa swali tangu mwanzo. Swali lilikuwa ni ipi iliyomweka mtoto, nalo lilijibiwa na mama kabla ya mkasi. Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.